Nyumba kongwe inapolalamika: tafuta maji kwanza

Ukiishi kwenye nyumba yenye umri wa miaka mia au zaidi, ipo siku utaamka ukute doa jipya ukutani, au ufa uliokuwa kama unywele sasa unapitisha ukucha, au mlango uliofungika vizuri juzi leo umegoma. Siku hiyo wengi wetu hufanya jambo moja: tunamwita fundi, anakoroga saruji, anaziba, anapaka rangi, tunamlipa. Mwaka hauishi doa limerudi, tena limepanda.

Nimeishi na nyumba kongwe kwa muda mrefu, na kazi kubwa niliyofanya ndani yake ni kubomoa matengenezo ya waliotangulia. Ndiyo maana naandika. Karibu kila dalili nitakayoitaja ina maji nyuma yake, na dawa ambayo watu huikimbilia kwanza, yaani saruji, mara nyingi ndiyo inayoukuza ugonjwa. Usianze na mwiko. Anza na maswali mawili: maji yanaingilia wapi, na nini kinayazuia yasitoke?

Ukuta wa zamani unavyofanya kazi

Nyumba ya kale ya mawe au matofali kwa kawaida imejengwa kwa chokaa. Saruji ya Portland tuliyoizoea ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, kwa jina la Joseph Aspdin, na ilichukua miongo mingi kuenea. Jengo la kabla ya hapo, na mengi ya baada yake, hayakuwa na saruji hata chembe. Iliyomo leo ililetwa na mtu baadaye.

Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa au matumbawe kwenye joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, kisha kuyazima kwa maji. Ikishapakwa ukutani huvuta hewa ya ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe, ila jiwe laini lenye vitundu vidogo vidogo. Mvua ikinyesha, unyevu huingia kidogo. Jua na upepo vikija, unatoka kwa njia ile ile. Nyumba za siku hizi hupigana na maji yasiingie kabisa. Nyumba kongwe huyaruhusu kidogo na kuyatoa upesi. Ukuta ukicheza kidogo, chokaa nayo hukubali kucheza nao, wakati saruji hupasuka. Maji yanapenya kwenye ufa ule mwembamba wa saruji, yanafika nyuma, na hapo hayana pa kutokea.

Ukishalishika hilo, dalili nyingi zitaanza kujieleza zenyewe.

Ukuta umelowa kuanzia chini

Hii ndiyo dalili inayoliza wenye nyumba kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote.

Nakumbuka ukuta mmoja wa chumba cha nyuma. Lipu ya saruji ilikuwa nzima machoni, ngumu, lakini ukiigonga kwa kifundo cha kidole inalia kama debe tupu. Nilichomeka patasi pembeni, likabanduka bamba zima, pana kama sinia. Nyuma yake palikuwa na jasho. Jiwe ambalo lilipaswa kukwaruza kidole lilimomonyoka nilipoligusa, kama mchanga wa ufukweni uliotoka kupitiwa na wimbi. Na kwenye mgongo wa lile bamba, upande uliokuwa umelalia ukuta, palikuwa pameota manyoya meupe, membamba, marefu nusu ya kucha. Ilikuwa chumvi. Aliyepaka ile saruji alitaka kuuokoa ukuta, na kwa miaka yote ile ukuta ulikuwa unaoza ndani ya vazi alilouvalisha.

Kwa hiyo, ukiona doa linapanda kutoka chini, toka nje kwanza. Tazama usawa wa ardhi. Nyumba ikikaa miaka mingi, ardhi inayoizunguka huinuka: mtu anamwaga kifusi, mwingine anapanga matofali uani juu ya matofali ya zamani, mwingine anaotesha maua ukutani na kuyamwagilia kila jioni. Ukikuta ardhi ya nje iko sawa na sakafu ya ndani au imeizidi, chanzo umeshakipata. Ishushe, angalau sentimita 15 chini ya sakafu, na uipe mteremko wa kukimbia nyumba. Kisha fuata gata na mabomba ya mvua hadi mwisho wake: je, maji yanamwagika kwenye mguu wa ukuta? Je, njia ya maji machafu inavuja chini kwa chini? Mvua inayogonga sakafu ya saruji ya nje na kurukia ukutani nayo hulowesha kuliko unavyodhani.

Maji yanayonywewa kutoka ardhini kwa kawaida hupanda hadi mita moja hivi, na mahali yanapoishia huacha mstari wa chumvi kama alama ya bahari iliyokupwa. Doa likianzia juu ya hapo, au likiwa la duara katikati ya ukuta, acha kuilaumu ardhi na utafute bomba.

Ukishakata chanzo, bandua lipu ya saruji mpaka sentimita 30 juu ya mwisho wa doa. Halafu subiri. Hapa ndipo watu wanaposhindwa. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kwamba ukuta mnene hukauka kama milimita 25 kwa mwezi. Ukuta wa sentimita 50 unaokaukia pande zote mbili utahitaji karibu miezi 10. Ukiupaka kabla ya hapo, umeurudisha ulikotoka. Acha madirisha wazi, sogeza makabati, vumilia ubaya wake. Ukikauka, upake lipu ya chokaa na mchanga, juu yake chokaa ya maji, na si rangi ya plastiki.

Utaambiwa pia kuhusu kutoboa ukuta na kuusindilia kemikali ya kuzuia maji. Kwenye ukuta wa mawe yasiyo na umbo moja, wenye mapengo na kifusi ndani, siipendekezi. Kemikali haijui inaelekea wapi, na ardhi iliyoinuka nje inabaki pale pale.

Unga mweupe unaota ukutani

Ni chumvi iliyosafirishwa na maji. Maji yakikauka, chumvi hujenga fuwele ndani ya vitundu vya jiwe, na fuwele zinapokua husukuma mpaka uso wa jiwe unaruka vipande. Ipanguse kwa brashi kavu, uikusanye na kuitupa mbali na nyumba. Usiioshe: ukiilowesha utairudisha ndani. Baadhi ya chumvi hufyonza unyevu hewani, ndiyo sababu ukuta unaweza kuonekana umelowa siku za mvuke mwingi hata kama hakuna kinachovuja. Ukuta ulioshiba chumvi unaweza kupakwa lipu laini ya chokaa kwa makusudi, ifyonze chumvi miaka michache, ibanduliwe, ipakwe nyingine. Lipu hiyo inajitoa mhanga badala ya jiwe.

Doa juu, karibu na dari

Mvua ikinyesha kwa nguvu, chukua mwavuli na tochi, toka nje ukatazame. Nasema hivi kwa moyo wote, kwa sababu dakika kumi chini ya mvua zitakufundisha kuliko kiangazi kizima cha kubahatisha. Utaona gata iliyojaa majani ikifurika kwa nyuma, au kiungo cha bomba kinachotema maji ukutani, au maji yanayojikusanya nyuma ya ukuta mfupi wa juu ya paa.

Ndani ya dari mambo ni magumu kidogo, kwa kuwa maji hutambaa. Yanaweza kuingia kwenye kigae kimoja kilichovunjika, yakafuata kenchi mita tatu, yakadondokea chumba kingine. Panda darini mchana, zima taa, utafute vitobo vya mwanga; kisha tafuta mistari myeusi kwenye mbao na uifuate kwenda juu. Gata zisafishwe angalau mara mbili kwa mwaka, na zaidi kama kuna miti karibu. Kazi hiyo inayodharauliwa imeokoa nyumba nyingi kuliko ukarabati mkubwa wowote.

Kuvu kwenye kona na nyuma ya kabati

Mara nyingi unyevu huu hautoki nje kabisa. Ni mvuke wa kupika, kuoga, kuanika nguo ndani na pumzi za waliolala, unaogota kwenye ukuta wa baridi na kugeuka matone. Kipimo ni rahisi: kata karatasi ya plastiki, ibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, iache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumba, tatizo ni hewa ya ndani. Yakiwa upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani.

Dawa ya hewa ni hewa. Nyumba za kale zilijengwa na matundu ya juu ya milango, madirisha yanayotazamana, mabomba ya moshi. Kizazi kimoja kikaziba hili kwa ajili ya vumbi, kingine kikaziba lile kwa ajili ya kiyoyozi. Zibua. Acha nafasi ya kiganja kati ya kabati na ukuta wa nje.

Nyufa

Ufa hauna maana mpaka ujue mambo matatu: umri wake, upana wake, na kama bado unaenda.

Umri unaonekana kwa macho. Angalia ndani ya ufa kwa tochi. Ukiona vumbi, utando wa buibui au rangi ya zamani iliyochirizika ndani, ufa ni wa siku nyingi na pengine umeshatulia. Kingo zikiwa kali na ndani ni safi, ni mpya. Upana usiofika milimita moja kwenye lipu mara nyingi ni wa lipu yenyewe. Ukizidi milimita 5, au ukionekana ndani na nje mahali pale pale, mwite mhandisi, na aliyezoea majengo ya zamani, maana asiyeyazoea atataka kuimwagia zege nyumba nzima.

Umbo nalo linasema. Ufa mpana juu na mwembamba chini mara nyingi humaanisha upande mmoja wa nyumba unashuka. Mpana chini na mwembamba juu, katikati ya ukuta ndiko kunakozama. Tafuta kilichobadilika chini: bomba la maji machafu lililopasuka na kuosha udongo wa msingi, mtaro aliochimba jirani, mti mkubwa uliokatwa au uliokua. Tafuta pia kilichobadilika juu: ukuta wa ndani uliobomolewa ili kupanua sebule, ghorofa iliyoongezwa.

Kama bado unaenda utajua kwa kupima tu. Chora alama mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, pima umbali, andika namba na tarehe hapo hapo ukutani na kwenye daftari. Rudia kila mwezi kwa mwaka mzima, ili upate majira yote. Ufa unaofunguka wakati wa ukame na kujifunga wakati wa mvua unakuambia nyumba imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi, unaonywea na kuvimba. Unaofunguka tu bila kurudi ndio wa kuogopwa. Mafundi wengine hubandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa plasta ya jasi. Ukuta ukisogea, kioo kinakatika. Kinakuambia kuwa umesogea, ila hakikuambii kiasi gani, kwa hiyo mimi napenda penseli.

Ufa uliotulia jaza kwa chokaa na vipande vya mawe. Ukijaza kwa saruji, ukuta utapasuka tena pembeni mwa kiraka.

Ukuta umetoa tumbo

Hili nalitenga kwa sababu linaua. Kuta nyingi nene za zamani ni kuta mbili, ya ndani na ya nje, na katikati pamejazwa kifusi na chokaa. Maji yakiingia kutoka juu miaka mingi, huosha ile chokaa ya kati, kifusi kinashuka, na ngozi ya nje inaanza kuachana na ya ndani. Ukutani unaona uvimbe. Ukigonga, sauti inabadilika kutoka nzito kuwa tupu.

Ning'iniza timazi kutoka juu na upime umbali wa uzi hadi ukutani kila nusu mita kwenda chini, andika. Usichomoe jiwe hata moja na usibandue lipu mpaka ukuta uwe umetegemezwa. Kama mchanga mkavu unachirizika kutoka kwenye viungo, kama unasikia mlio wa mbao usiku, kama mlango umegoma ghafla na ufa umepanuka kwa siku chache, watoe watu nje siku hiyo hiyo. Beit el-Ajaib ya Zanzibar, jengo la mwaka 1883, iliporomoka kwa sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafariki. Jengo linaweza kusimama zaidi ya karne moja na kuanguka kwa dakika.

Sakafu inacheza, au imebonyea katikati

Kubonyea kidogo ni kawaida ya boriti za zamani. Mbao hujikunja polepole chini ya mzigo na kubaki hivyo. Kinachotaka haraka ni kucheza kulikoongezeka. Sehemu ya kuangalia ni ncha za boriti, pale zinapoingia ukutani, kwa kuwa ukuta ukilowa, ncha ndiyo inayooza kwanza, huku katikati ikionekana nzima kabisa. Choma ncha kwa bisibisi nyembamba. Ikizama kirahisi kama kwenye sabuni, imeoza. Mbao yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 20 iko hatarini, na kipimo chake ni kifaa kidogo ambacho fundi mzuri anapaswa kuwa nacho.

Kisha tazama kilichowekwa juu. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja. Wajenzi wa nyumba hiyo hawakuota kwamba mtu angeweka tani moja ya maji juu ya dari, wala bafu lenye zege na vigae juu ya boriti za chumba cha kulala. Lishushe tangi, lijengewe mnara wake pembeni.

Boriti iliyooza ncha haihitaji kutupwa yote. Kata sehemu mbovu mpaka ufikie mbao nzima, unga kipande kipya cha mbao ya aina ile ile kwa kiungo cha kupishana na bolti, na uache nafasi ya hewa kuzunguka ncha ndani ya ukuta. Kiungo kionekane tu. Hati ya Venice ya mwaka 1964, ambayo wahifadhi wa majengo duniani huifuata, inataka sehemu mpya ioane na jengo lakini itambulikane kuwa ni mpya. Kwangu huo ni uungwana kwa atakayekuja kuitengeneza baada yako.

Vitundu na unga kwenye mbao

Vitundu peke yake ni historia. Mdudu huingia akiwa buu, hubungua ndani kwa miaka, hutoboa akitoka. Fagia pasafi, tandika karatasi nyeusi chini, rudi baada ya wiki kadhaa. Unga mpya ukidondoka, wapo. Mchwa wanajulikana kwa njia zao za udongo zinazopanda ukutani. Fuata njia hadi ardhini. Mara nyingi mbao kavu haiwavutii kama mbao iliyolowa, kwa hiyo kukausha kunatangulia sumu. Kupulizia nyumba nzima bila kuona dalili hai ni kujivutisha kemikali bure.

Rangi inabanduka kama ngozi

Kama ni rangi ya plastiki juu ya chokaa, unyevu unaisukuma itoke. Iache itoke, kisha rudi kwenye chokaa ya maji, tabaka nyembamba nne au tano.

Lakini kabla ya kushika msasa kwenye milango na madirisha, simama. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zina madini ya risasi. Marekani haikuzipiga marufuku majumbani hadi mwaka 1978. Vumbi lake huharibu ubongo wa watoto hasa. Usikwaruze kavu, usichome kwa moto. Lowesha, kwangua taratibu, tandika plastiki, na watoto na wajawazito wasiwepo ndani. Vivyo hivyo mabati ya asbesto: usiyakate wala kuyavunja, waachie wenye vifaa na kibali.

Dirisha limegoma

Mara nyingi ni tabaka kumi za rangi, au kijifereji cha chini ya kizingiti kilichozibwa, maji yakarudi kwenye mbao. Usikubali haraka kubadilisha na alumini. Mbao za zamani zilitoka kwenye miti iliyokua polepole na ni nzito na imara. Fremu iliyooza chini sentimita kumi inaungwa kama boriti.

Kabla fundi hajaanza

Uliza kwanza kama nyumba yako imo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, au mtaa wote umo, kwa sababu hata kubadili dirisha au paa kunaweza kuhitaji kibali. Piga picha kila kitu kabla hakijaguswa. Mwombe fundi akuonyeshe kazi yake ya chokaa iliyopitiwa na mvua za miaka miwili au mitatu, na umwombe apake kiraka cha mita moja kwanza. Tabaka la lipu ya chokaa lisizidi sentimita moja au moja na nusu kwa mara moja, na la pili lisubiri la kwanza lishike. Jua likiwa kali, ukuta ufunikwe kwa magunia yaliyolowa na unyunyiziwe maji kama umande, asubuhi na jioni, kwa wiki nzima ya kwanza, maana chokaa iliyokaushwa kwa haraka hugeuka unga mkononi.